Mkwe Asiyetajwa wa Maporomoko Matatu

Paukwa!

Pakawa!

Maji yametoka wapi?

Juu gengeni!

Yameanguka mara ngapi?

Mara tatu!

Na aliyeyanywa alisemaje?

Alinyamaza!

Mbweeeu.

Hiyo ndiyo sauti waliyoisikia watu wa Irindi usiku mmoja. Sauti moja tu, kisha kimya. Haikuwa ngurumo, kwa sababu ngurumo haina harufu. Hii ilikuwa na harufu.

Ilikuwa mbweu. Mtu fulani, mkubwa, aliyeshiba kupita kiasi, alikuwa amepiga mbweu huko juu ya mlima. Ile mbweu ikateremka genge zima, ikapita kwenye migomba, ikaingia majumbani kwa kupitia nyufa za milango. Ilinuka kama chungu cha maharage kilichosahauliwa siku nne.

Watu wakajifunika shuka puani. Wakageukia ukutani. Hakuna aliyesema neno.

Na kwa nini hawakusema? Sogeeni karibu, niwaambie.

Nyuma ya kijiji cha Irindi mlima haukupanda taratibu kama milima mingine. Ulisimama wima kama ukuta wa nyumba. Kwenye ukuta huo maji yalianguka mara tatu. Poromoko la juu kabisa liliitwa Bibi, kwa sababu lilianguka kimyakimya, jembamba na jeupe kama nywele za bibi. La katikati liliitwa Mama, kwa sababu halikunyamaza mchana wala usiku. La chini liliitwa Mjukuu, kwa sababu lilirukaruka juu ya mawe bila kutulia.

Kutoka kwa Mjukuu maji yaliingia mferejini, na mfereji ukayapeleka kwenye ndiva, lile bwawa dogo la mawe na udongo walilolijenga babu zao. Kila asubuhi watu waliizibua ndiva, maji yakaenda mashambani na mitungini. Hawakuwa na maji mengine.

Ukifika huko leo, pembeni mwa Bibi utaliona jiwe. Limeinama kama mtu anayesalimia wakubwa. Jiwe hilo lina midomo miwili, mmoja mbele, mmoja kisogoni. Maji yanalipitia kando, hayaligusi. Sasa sikilizeni jiwe hilo lilikuwa nani.

Hapo Irindi palikuwa na mjane aitwaye Nakiete. Alikuwa na binti mmoja tu, Nashiva, na Nashiva alikuwa mteuzi tangu utotoni. Nzi akitua kwenye uji wake, hanywi. Mtu akichovya kidole kwenye mboga, hali. Mbuzi akikohoa karibu na mtungi, Nashiva anaumwaga mtungi wote na kurudi mferejini. Na kila mara alikunja pua na kusema neno moja, lile lile.

Mnalijua neno hilo. Ni lile unalosema ukikuta unywele kwenye ugali. Msilitaje. Atakayelitaja kabla ya wakati wake ataniharibia hadithi.

Wenzake walimcheka, wakamuuliza ataolewa na nani, mtu anayekimbia hata kamasi za mtoto. Mama yake hakumcheka. Alisema pua ya Nashiva ndiyo inayoilinda nyumba yao.

Basi, siku moja akashuka mgeni kutoka gengeni. Hakuna aliyewahi kumwona mtu akishuka kutoka huko. Alikuwa kijana mrefu, ngozi inang'aa, amevaa kilemba kikubwa kilichoshuka hadi shingoni. Mkononi alikuwa na kibuyu cha asali. Aliinama kwa kila mzee. Aliinama kwa kila mama. Aliinama hata kwa jogoo wa Mzee Semvua.

Mzee Semvua alikuwa kaka wa marehemu mume wa Nakiete, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Akapendezwa sana. Akasema hajawahi kuona kijana mwenye adabu namna ile, na jogoo wake naye hajawahi kupewa heshima yake.

Yule kijana akasema amekuja kumposa Nashiva.

Wazee wakakaa. Nakiete akakaa ndani, nyuma ya ukuta, kama inavyompasa mama wa binti. Mzee Semvua akamuuliza mgeni jina lake. Mgeni akalitaja.

Wazee wakatazamana. Mmoja akakohoa. Mwingine akaangalia vidole vyake vya miguu. Jina lake, wanangu, lilikuwa ni neno lile lile la Nashiva. Lile la unywele kwenye ugali.

Mgeni akainama tena. Akawaeleza kwamba mama yake alizaa watoto sita, na wote wakafa. Alipozaliwa yeye, wa saba, mama akampa jina baya, ili kifo kikilisikia kikunje pua na kupita zake. Wazee wakatikisa vichwa. Walielewa. Hata pale Irindi palikuwa na mzee aitwaye Majivu na mama mmoja aitwaye Takataka, wote waliobaki baada ya ndugu zao kufa.

"Ni jina tu," akasema Mzee Semvua. "Na hata hivyo hatutalitumia."

Lazima niwaeleze hapo. Watu wa Irindi walikuwa na adabu nyingi kuliko migomba. Kwao mkwe hatajwi kwa jina. Mama mkwe hamtazami usoni. Mama mkwe hasemi naye moja kwa moja, ila kwa kumtuma mtu mwingine aliyekaa hapo hapo. Na si jina tu lisilotajwa. Hata neno linalofanana na jina hilo linaachwa. Zamani waliwahi kupata mkwe aliyeitwa Mawe, basi kijiji kizima kikawa kinasaga mahindi kwa "vile vigumu" mpaka alipokufa. Na kwa kuwa Irindi yote ilikuwa ukoo mmoja, mkwe wa mmoja alikuwa mkwe wa wote.

Nashiva aliletwa mbele kumwona mchumba. Akanusa. Akamwambia mjomba wake mmoja aliyekuwa kando yake kwamba kijana huyu mbele ananukia asali, lakini nyuma hajui ananukaje. Akaomba apite nyuma yake mara moja tu. Wazee wakashtuka. Mtu hazungukwi kisogoni kama ng'ombe wa mnadani.

Basi akaolewa. Akapanda gengeni na mumewe, akapita Mjukuu, akapita Mama, akapita Bibi. Siku ile ile neno likafutika Irindi. Mtoto akijipangusa kamasi kwa mkono na kushika kikombe, mama yake anasema, "Si vizuri sana." Mtu akikuta funza kwenye nyama, anasema, "Imebadilika kidogo." Walikuwa na pua, walikuwa na matumbo, lakini lile neno hawakuwa nalo tena.

Mwaka wa kwanza, nywele zikaanza kushuka na maji. Nywele ndefu, nene, zisizokatika zikivutwa. Nakiete akazipeleka kwa Mzee Semvua. Akafungua mdomo ili aseme, neno likamkwama kooni, akalimeza. Mzee Semvua akasema ni mvua nyingi.

Mwaka wa pili, mafuta yakaanza kuelea ndivani. Mafuta ya kijivu, yanayoganda kwenye shingo ya mtungi. Nakiete akayapeleka kwa Mzee Semvua. Akafungua mdomo ili aseme, neno likamkwama kooni, akalimeza. Mzee Semvua akasema ni majani yaliyoozea huko juu.

Mwaka wa tatu yakaja makohozi. Yakaja makucha yaliyokatwa, ya manjano, yenye kujikunja kama maganda ya maharage. Nakiete akayapeleka kwa Mzee Semvua kwenye jani. Akafungua mdomo ili aseme, neno likamkwama kooni, akalimeza. Mzee Semvua akaangalia pembeni, akanywa maji yake kwa kufumba macho.

"Shemeji," akasema, "maji yamenona tu."

Na mbweu ikawa inasikika kila usiku, baada ya chakula.

Sasa, tangu aolewe, Nashiva alikuwa na desturi yake. Kila mwezi ukiandama aliosha jani la mgomba, akalikunja mara tatu, akalifunga kwa uzi wa mgomba, akaliachia majini. Jani likaporomoka kwa Bibi, likaporomoka kwa Mama, likaporomoka kwa Mjukuu, mpaka ndivani, na Nakiete akaliokota. Likiwa safi, alijua mwanawe ni mzima.

Siku moja jani likaja limetafunwa. Limepakaa mafuta. Nakiete akalikunjua. Ndani yake palikuwa na nzi mkubwa wa kijani, amewekwa katikati kama zawadi.

Nakiete akalikunja tena lile jani. Kisha akaenda kwa Mzee Semvua, akamwambia, "Mwanangu hajafa. Mwanangu ameacha kunusa."

Akasema anakwenda kumwona. Mzee Semvua akamkatalia. Akamwambia mama haendi kwa mkwe bila kuitwa, na Irindi nzima itamcheka. Nakiete akasema wakimaliza kucheka wanywe maji. Mzee akaona hatamzuia, basi akampa onyo.

"Usimtazame," akasema. "Usimsemeshe. Usimtaje. Mama anayetaja jina la mkwe anaivunja nyumba ya mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe. Binti wa namna hiyo anarudi bila mume, na hakuna atakayemwoa tena."

Usimtazame, usimsemeshe, usimtaje. Nakiete akayaweka moyoni. Alfajiri akajifunga kanga moja kiunoni, akajitanda nyingine, akachukua fimbo na kibuyu cha maji ya mvua. Akaanza kupanda.

Njia ilikuwa nzuri, siwezi kuwadanganya. Nyuma yake uwanda ulilala chini, wa kahawia, na ng'ombe huko chini walikuwa wadogo kama mchwa. Mbele yake majani ya kando ya maji yalikuwa yamejikunja kama vidole vya mtoto mchanga, na ukungu ulipita kati ya miti kama moshi wa jiko. Nyani weusi wenye mabega meupe walimtazama kutoka juu. Kama si ile harufu, angeimba.

Akafika kwa Mjukuu. Alikuwa amekwisha kunywa nusu ya maji yake, akaona asiyamalize. Akainama, akakinga maji ya poromoko kwa viganja. Akayainua mdomoni. Kitu kikamgusa ulimi. Akakivuta. Ulikuwa unywele, akauvuta, ukaja, akauvuta, ukaja, mpaka ukamfika mapajani, na mwisho wake ulikuwa na kipande cha ngozi.

Tumbo likampinduka. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ki—"

Akajiziba kwa mkono. Lakini wanangu, maji yalisimama. Mjukuu alisimama hewani, matone yote yamening'inia, kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha yakaanguka tena. Nakiete akadhani ni kizunguzungu cha kupanda.

Akapanda. Akafika kwa Mama. Hapo njia ilipita juu ya mwamba, na mtu alipaswa kushika ukuta ili asianguke. Akaushika ukuta. Mkono ukazama. Ukuta wote ulikuwa umefunikwa na makohozi, mazito, ya kijani, yaliyoshuka polepole kama asali. Ndani yake nzi walikuwa wamenasa, wengine bado wanapiga mbawa. Mkono ulipotoka ulitoa sauti.

Tumbo likampinduka. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Kin—"

Akajiziba kwa mkono ule mwingine. Na maji ya Mama, yale yasiyonyamaza mchana wala usiku, yakanyamaza. Yakasimama kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Na kutoka juu akasikia mtu akiguna, kama mtu aliyegonga goti kwenye kitanda. Nakiete akaufuta mkono kwenye nyasi, mara tatu. Sasa hakusema ni kizunguzungu.

Akapanda. Akafika kwa Bibi. Wakati huo jua lilikuwa limepita kichwani. Chini ya Bibi palikuwa na dimbwi la kuogea, na pembeni mwa dimbwi palikuwa na jiwe bapa. Juu ya jiwe palikuwa na kilemba kimekunjwa, kikikauka juani. Nakiete akakigusa kwa fimbo. Kilikuwa kigumu kama ngozi ya ng'ombe, na upande wa ndani, pale kisogo kinapokaa, kilikuwa na mate yaliyogandamana na mabaki ya chakula. Maharage. Mifupa ya panya. Jino.

Tumbo likampinduka mara ya tatu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Kinya—"

Akajiziba kwa kanga. Bibi akasimama. Maji yote ya juu yakasimama kama pazia lililokatwa, na nyuma ya pazia Nakiete akaona pango, akaona moto ndani ya pango, akaona kivuli kikubwa kikiinuka na kujishika kisogo kwa mikono miwili.

"Nani ananiita?" kikasema kile kivuli, na sauti ilikuwa inatetemeka.

Maji yakaanguka tena. Basi Nakiete akaelewa. Akaelewa ni kwa nini mtu yule aliichagua Irindi: jina lake lilimuumiza, na Irindi ndiko lisikotajwa. Lakini maneno ya Mzee Semvua bado yalikuwa kifuani mwake. Usimtazame, usimsemeshe, usimtaje. Jina likitajwa, nyumba ya mwanawe inavunjika. Na kama mwanawe ana raha humo? Akasema moyoni aone kwanza.

Akapita nyuma ya maji, akabisha hodi.

Nashiva akaja. Nakiete nusura asimjue. Nywele zake zilikuwa zimegandamana kwa mafuta. Kucha zake zilikuwa zimejikunja. Alicheka kwa furaha, akamkumbatia mama yake, akajipangusa pua kwenye bega la mama, akamkaribisha.

Mkwe naye akaja mlangoni, amejifunga kilemba kingine haraka haraka. Nakiete akajitanda kanga mpaka machoni, akamgeuzia mgongo. Akakaa akitazama ukuta. Nyuma yake akasikia mtu akiinama, na mifupa ikilia.

"Shikamoo, mama," akasema mkwe. "Umetutukuza. Nyumba yangu ni ndogo, lakini moyo ni mkubwa."

"Nashiva," akasema Nakiete kwa ukuta, "mwambie mwenzio marahaba."

Mkwe akamsifu kwa adabu hiyo. Akasema alizunguka vijiji saba kabla hajafika Irindi. Vyote vilimfukuza, kwa sababu huko uwandani watu hawana staha, wanaitana majina barabarani kama wanaita mbuzi. Irindi tu ndiko alikopata watu wa heshima. Miaka mitatu, na hakuna mdomo hata mmoja uliomkosea.

Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayeonja chai ya moto. "Mama, ulipokuwa unapanda, hukuwa unasema neno?"

"Nashiva, mwambie mwenzio nilikuwa nahema."

Mkwe akacheka. Nakiete, akiwa amemgeuzia mgongo, akasikia vicheko viwili. Kimoja kilitoka mbele, laini. Kingine kilitoka nyuma ya cha kwanza, kizito, na kiliishia kwa mbweu. Moto wa jikoni ukalala kwa upepo wake. Nakiete akashika pua chini ya kanga.

Nashiva akaipua chungu. Yalikuwa makande, au yalikuwa yamewahi kuwa makande. Nzi walikuwa juu yake kama mfuniko. Nashiva akapakua kwa mkono, akajaza bakuli.

Nakiete akamnong'oneza kwamba kuna nzi ndani ya chakula.

"Mama," akasema Nashiva akicheka, "nzi ni mboga."

Akamchukua mmoja mwenye mayai, akamtia mdomoni. Nakiete akasikia jinsi alivyopasuka.

Mkwe akasema ni vizuri mama amefika siku hii, maana hili ndilo bakuli la mwisho. Akaeleza kwa upole, kama mtu anayeeleza mambo ya harusi, kwamba kwao mwanamke hula chungu cha mumewe miaka mitatu. Mwaka wa kwanza hulia. Mwaka wa pili hunyamaza. Mwaka wa tatu hupenda. Akimaliza bakuli la mwisho, mdomo wa pili unamfunguka kisogoni, na hatatamani tena kwao wala hatakumbuka kwao. Leo Nashiva atakuwa wake kabisa. Kesho watashuka wote wawili kuwasalimia ndugu, nyumba kwa nyumba. Watu wa Irindi ni wakarimu, hawatafunga milango.

Nashiva akaliweka bakuli mapajani. Nakiete bado anatazama ukuta. Kivuli cha mwanawe kilikuwa ukutani, na kivuli cha mkono wake kikashuka kwenye bakuli na kupanda mdomoni.

"Mwanangu," akauliza Nakiete, "chakula kikoje?"

"Kitamu, mama."

Mkono ukashuka, mkono ukapanda. Nusu ya bakuli imekwisha.

"Mwanangu, chakula kikoje?"

"Kitamu, mama."

Mkono ukashuka, mkono ukapanda. Limebaki tonge moja. Nyuma ya shingo ya kile kivuli, pale kisogoni, nywele zikaanza kusogea zenyewe, kama majani ambayo panya amepita chini yake.

"Nashiva. Mtoto uliyemwaga mtungi kwa ajili ya kikohozi cha mbuzi. Chakula kikoje?"

Mkono ukapanda, ukasimama njiani. Nashiva akaliangalia lile tonge kama mtu anayejaribu kukumbuka ameliona wapi. Machozi yakaanza kumshuka, na hakujua yanatoka wapi.

"Mama," akasema, "kulikuwa na neno. Nilikuwa nalo tangu utotoni. Nimelisahau."

Mkwe akasimama, kilemba kikamwanguka. Sauti yake haikuwa laini tena. Akasema kwa midomo yote miwili kwamba mama mkwe amtunzie heshima yake. Akasema afikirie ndoa ya mwanawe. Akasema afikirie watu watasemaje huko chini.

Nakiete akafikiria. Akafikiria nywele, akafikiria mafuta, akafikiria makucha kwenye jani. Akafikiria kijiji kizima kikinywa maji kwa kufumba macho. Kisha akaivua kanga kichwani, akaiweka sakafuni, akageuka.

Akamtazama, naye alikuwa ameinama mbele ya Nashiva. Akaona mate yanayodondoka toka ule mdomo wa nyuma hadi mgongoni, na nzi wakiingia na kutoka humo kama nyuki mzingani.

Akamsemesha. Hakumtuma mtu. Akasema, "Mwanangu amesahau neno. Namkumbusha."

Akamtaja.

"Kinyaa."

Maji yakasimama, mkwe akatoka mbio akijishika kisogo, akainama pembeni mwa Bibi akawa jiwe, na Nashiva akakunja pua, akalitupa lile tonge.

Hadithi yangu imekomea hapo, penye jiwe lile lililoinama, na maji ya Irindi yanapita kando yake yakiwa safi mpaka leo.

Wanangu, adabu ni kwa ajili ya watu. Kitu kibaya kikikaa nyumbani kwako, kiite kwa jina lake, hata kama watu watakucheka.

Haya, inukeni. Kanaweni mikono, chakula kiko tayari.